Kungoja Chuma Kichoke

Katika saa ya kwanza mara nyingi hakuna kinachotokea. Mpimaji anakitoa kipande cha chuma majini, anakiosha kwa alkoholi, anakikausha kwa hewa, anakiweka juu ya mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu, na mizani inampa namba ile ile aliyoiandika asubuhi. Anaiandika tena. Anakirudisha kipande mahali pake, anawasha mtambo, anakwenda kuangalia kipimajoto. Ndani ya saa hiyo uso wa kipande umepanda na kushuka mara milioni 72.

Hesabu yake ni nyepesi: mtambo hutetema mara 20,000 kwa sekunde, na saa ina sekunde 3,600. Kila mtetemo ni mdogo, maikromita 50 kutoka juu kabisa hadi chini kabisa, pungufu ya unene wa unywele. Lakini ufupi wa safari hiyo unadanganya. Ili iende na kurudi upesi namna hiyo, ncha ya mtambo hulazimika kugeuza mwendo kwa nguvu inayokaribia mara 40,000 ya mvuto wa dunia. Maji yaliyo chini yake hayawahi kuifuata. Kipande kinapojivuta juu, maji yanabaki nyuma, presha inaanguka, na hapo vinazaliwa viputo. Kipande kinaposhuka, viputo vinabomoka. Kule kubomoka ndiko kunakokula chuma, na kazi ya mpimaji ni kujua kunakula kiasi gani, kwa kasi gani, na kuanzia lini.

Jambo lenyewe huitwa kavitesheni, na asili yake ni kitu ambacho kila mpishi wa nyanda za juu amekutana nacho. Maji hayachemki kwa sababu ya joto peke yake. Yanachemka pale presha iliyo juu yake inaposhindwa kuuzuia mvuke. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage yanachelewa kuiva huko kuliko Mombasa. Endelea kuipunguza presha, na kiwango cha kuchemka kinaendelea kushuka. Ukiifikisha karibu sehemu moja ya thelathini ya presha ya kawaida ya hewa, maji ya nyuzi 25, yale unayoweza kuyanywa bila kusita, yatachemka yakiwa baridi. Nyuma ya panga la rafadha linalozunguka kasi, kwenye mdomo wa pampu, pembeni mwa mabawa ya turbini ya umeme, presha hushuka hivyo kwa kipande cha sekunde. Mvuke unatokea, unasukumwa mbele hadi mahali penye presha zaidi, na unatoweka kwa kishindo.

Mwaka 1859 mwanahisabati Mwingereza, Besant, alikuwa ameuliza swali linaloonekana la darasani tu: ukiondoa ghafla tufe la maji katikati ya maji mengi, pengo litajazwa kwa muda gani, na kwa presha gani? Lord Rayleigh alilirudia swali hilo mwaka 1917 katika makala fupi ya jarida la Philosophical Magazine. Kilichomwamsha, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kusoma maneno ya Osborne Reynolds kuhusu sauti ya birika linaloimba kabla maji hayajachemka. Zile sauti ni viputo vya mvuke vinavyopanda kutoka chini penye moto, vinakutana na maji ya juu ambayo bado ni baridi, na vinabomoka. Rayleigh akapiga hesabu: kiputo kitupu kikinywea hadi nusu kipenyo chake kibaki sehemu moja ya ishirini ya kile cha mwanzo, presha ndani ya maji jirani yake hupanda hadi karibu mara 1,260 ya presha ya nje. Tangu nilipoisoma hesabu hiyo silisikilizi birika kwa sikio la zamani.

Haikuwa hesabu ya kujifurahisha. Charles Parsons, mvumbuzi wa turbini ya mvuke, alikuwa ameshaumizwa na viputo hivi kwa miaka zaidi ya ishirini. Boti yake Turbinia, yenye urefu wa futi 100 na ushei, ilishushwa majini mwaka 1894, na katika majaribio ya kwanza ilikataa kwenda. Injini ilikuwa na nguvu tele, lakini rafadha ilikuwa inachanja mvuke badala ya kusukuma maji. Mwaka 1895 Parsons alijenga mtaro mdogo wa shaba uliofungwa kama kitanzi, akaweka ndani rafadha ya inchi 2, akapasha maji moto ili viputo vitokee kwa mwendo mdogo, na akavitazama kwa taa ya kumweka. Akabadili boti yake ikawa na mihimili mitatu na rafadha tisa, na mwaka 1897 Turbinia ilikatiza katikati ya manowari zilizojipanga Spithead kwa ajili ya Malkia Victoria, kwa mwendo wa noti 34 hivi, bila chombo chochote cha doria kuweza kuikamata. Boti hiyo ipo hadi leo katika jumba la makumbusho Newcastle.

Mwendo ulipatikana, meno ya viputo yakabaki. Rafadha za bronzi za meli kubwa zilirudi bandarini zikiwa na mashimo, na watu wengi walidhani ni kutu au chumvi ya bahari. Parsons na mwenzake Stanley Cook walipoiandika taarifa yao mwaka 1919, walishuhudia kwamba kisa ni mapigo ya viputo vinavyobomoka. Baadaye wengine waliongeza sura ya pili ya jambo hili: kiputo kilicho karibu na ukuta hakibomoki kwa usawa. Upande wa mbali unaingia ndani kwanza na kutoboa hadi upande wa pili, na maji yanachoma ukuta kwa mshale mwembamba unaokwenda zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Kornfeld na Suvorov walilikisia hilo mwaka 1944. Benjamin na Ellis walilipiga picha na kulichapisha mwaka 1966. Plesset na Chapman walilithibitisha kwa kompyuta mwaka 1971.

Ikishajulikana adui ni nani, linabaki swali la mnunuzi: chuma gani kitamvumilia? Kungoja meli irudi kutoka safari ya mwaka mzima ni gharama. Ndipo likaja wazo la kuleta viputo kwenye chuma badala ya kupeleka chuma kwenye viputo. Mwaka 1932 Newton Gaines, mwanafizikia Mmarekani, alieleza mtambo wa kutetemesha kwa sumaku. Nikeli ina tabia ya kufupika kidogo inapotiwa ndani ya uga wa sumaku. Ukiuwasha na kuuzima uga huo upesi upesi, mrija wa nikeli unatetema, na ncha yake ikiwa majini inatengeneza viputo bila hata tone moja la maji kutiririka. Muda si mrefu wahandisi wa turbini na wa rafadha walikuwa wanafunga vipande vya metali kwenye ncha za mirija hiyo. Leo mrija wa nikeli umewapisha vidonge vya kauri vinavyotanuka kwa umeme na pembe ya titani inayokuza mtetemo, lakini kanuni ni ile ile, na tangu mwaka 1972 imewekewa utaratibu ulioandikwa, ujulikanao maabara zote kwa jina la ASTM G32.

Ukiusoma utaratibu huo harakaharaka utaona ukavu mtupu. Kipande kiwe na kipenyo cha milimita 15.9. Kizame majini milimita 12. Maji yawe yaliyotoneshwa, kwenye nyuzi 25, yasipande wala kushuka zaidi ya nyuzi 2. Mtetemo uwe wa kilohezi 20. Lakini kila namba hapo ina kesi nyuma yake, na fundi mzuri anazijua kesi zote.

Chukua hilo la joto. Mtu angedhani maji yakipata moto, viputo vinaongezeka na chuma kinaliwa zaidi. Ni kweli, lakini hadi mahali fulani tu. Kuelekea nyuzi 50 hivi uharibifu unafika kilele, halafu unaanza kupungua, kwa sababu maji yaliyokaribia kuchemka hujaza viputo mvuke mwingi, na mvuke huo unafanya kazi ya mto: kiputo kinabomoka kwa ulaini. Mtambo wenyewe unapasha maji muda wote unapofanya kazi. Kwa hiyo chombo cha maji hukaa ndani ya maji mengine ya kupooza, na mpimaji asiyeangalia kipimajoto atapima joto la maji yake akidhani anapima chuma.

Hewa nayo. Maji mapya yamebeba hewa iliyoyeyuka, na hewa ndani ya kiputo inapunguza kishindo kama mvuke unavyofanya. Hivyo kabla ya kuweka kipande cha kweli, mtambo hufungwa kipande cha bandia na kuachwa utetemeshe maji kwa muda, kwa kawaida nusu saa, mpaka hewa ifikie kiwango kinachotulia. Hakuna mteja anayelipia nusu saa ile kwa furaha. Fundi anayeiruka atapata namba nzuri tu, zenye nukta na desimali, na hazitalingana na za mtu yeyote.

Kisha kuna kukereza kipande. Hapa ndipo ninapompenda zaidi huyu fundi, kwa sababu kazi yake nusu iko kwenye mashine ya kerezo kabla haijafika maabara. Kipande kinafungwa kwenye pembe kwa hesi, na bega lake lazima likae juu ya bega la pembe bila pengo hata kidogo. Likibaki pengo, mtetemo unapotea kwenye kiungo, kiungo kinapata moto, na baada ya muda hesi inakatika. Tena pembe, kiungo na kipande vyote vinatetema kama kitu kimoja, kwa hiyo uzito wa kipande ni sehemu ya mlio. Kidonge cha alumini na kidonge cha aloi ya kobalti vikikerezwa kwa vipimo sawa vina uzito tofauti kabisa, na mtambo uliozoea kimoja unaweza kukataa kuimba na kingine. Fundi hurekebisha urefu, halafu anapima tena mtetemo wenyewe, kwa hadubini au kwa kifaa kingine alichokihakiki, badala ya kuamini namba iliyoandikwa kwenye kioo cha mtambo. Na kama metali ni ngumu mno au inavunjika ikikatwa hesi, kuna njia ya pili: kipande kinalazwa chini kimetulia, na ncha ya mtambo inatetema juu yake kwa pengo la nusu milimita. Njia hizo mbili hazitoi jibu moja, na mwenye adabu hazichanganyi katika jedwali moja.

Uso wa kipande unasuguliwa kwa msasa laini mpaka uwe sawa, kwa sababu mkwaruzo ni mlango. Viputo hupenda kuanzia pale penye ufa.

Kelele ya mtambo inastahili neno. Mtetemo wa kilohezi 20 uko mwisho kabisa wa sikio la binadamu au nje yake, lakini viputo havibomoki kwa unyenyekevu huo. Vinatoa mchanganyiko wa sauti za chini pia, mlio mkali wa kuchoma unaofanya maabara nyingi zifungie mtambo ndani ya sanduku lenye sponji. Wapimaji wazoefu husikiliza. Mlio ukibadilika ghafla, kuna kitu kimelegea.

Sasa nikeli, ile ile iliyoendesha mitambo ya mwanzo. Utaratibu unataka kila maabara ipime pia metali ya marejeo, na inayotumika zaidi ni nikeli karibu safi iitwayo Nickel 200. Hakuna mtu anayetaka kuijua nikeli. Tabia yake inajulikana. Inapimwa ili mtambo ujulikane. Fundi cherehani mwangalifu hujaribu pasi kwenye kitambaa cha pembeni kabla ya kuigusa nguo ya harusi, na mpimaji naye anaijaribu mashine yake kwa chuma asichokuwa na shida nacho. Kama nikeli inaliwa haraka kuliko inavyopaswa, au polepole, basi kosa liko kwenye mtambo, maji, mtetemo au mkono, na matokeo ya chuma cha mteja yanasubiri. Kwangu mimi huo ndio utu uzima wa kazi hii. Vipimo vingi duniani huanza na kukituhumu kitu kinachopimwa. Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni kipimo.

Na kingojewacho ni nini hasa? Turudi kwa yule mpimaji na sifuri zake. Katika kipindi hicho cha mwanzo chuma hakipotezi uzito, lakini hakijakaa bure. Chini ya hadubini uso uliokuwa kioo umejaa vibonyeo vidogo, kingo za chembechembe zimeinuka, mistari ya kuteleza kwa fuwele imejitokeza. Metali inakunjwa papo hapo, mara milioni kwa milioni, ikigandamana na kukakamaa mpaka haiwezi tena kukunjika. Hapo nyufa zinaanza, zinakutana chini kwa chini, na kijipande cha kwanza kinabanduka. Mizani inasema namba mpya.

Namba hiyo ni ndogo. Uso wa kipande una eneo la karibu sentimita mbili za mraba, hivyo miligramu 1 ya chuma iliyoondoka, ukiitandaza juu ya uso wote, ni kina kisichofika hata maikromita 1. Alama ya kidole ikiachwa kwenye kipande, au unyevu uliofichama kwenye hesi, inatosha kuiharibu hesabu ya nusu siku. Ndiyo maana ya kule kuosha, kukausha, kungoja kipande kipoe, kupima mara mbili. Na uzito wenyewe hauachwi uwe uzito. Miligramu za alumini na miligramu za kobalti si ujazo mmoja, kwa hiyo mpimaji anagawa kwa msongamano wa kila metali na kuandika kina cha wastani. Bila hatua hiyo metali nyepesi zingesifiwa kwa wepesi wao tu.

Namba zikikusanyika, mchoro unaanza kujichora: mstari ulalao chini, kisha unaopinda, kisha unaopanda kwa mwinuko mkali, na baadaye mara nyingi unaolegea tena. Huko mwisho uso umeshakuwa mashimo matupu. Maji na hewa vinakaa ndani ya mashimo na kuzipokea ngumi zisifike vizuri. Katika miaka ya 1960 watafiti waligombania mchoro huo kwa bidii. Thiruvengadam na Preiser waliugawa kwa vipindi vinne na kusema hali tulivu ya mwisho ndiyo ya kulinganishia metali. Plesset na Devine walikuwa na picha nyingine. Heymann akaonyesha namna kasi inayobadilika inavyoweza kuelezwa kwa jinsi vipande vingi vidogo vya uso vinavyochoka kila kimoja kwa wakati wake. Utaratibu wa sasa umekaa mahali pa kiasi: chukua mwinuko mkali kuliko yote kama kasi ya kuliwa, uurefushe mstari huo kwa rula hadi ukate mhimili wa muda, na pale unapokata ndio muda wa kuatamia. Namba mbili, na mchoro mzima uambatane nazo.

Kishawishi kikubwa ni kusimama mapema. Metali fulani ikipimwa saa mbili inaweza kuonekana bingwa kwa sababu tu muda wake wa kuatamia ni mrefu, kumbe ikishaanza kubanduka inabanduka kwa kasi kuliko jirani yake. Nyingine huanza kupoteza mapema kidogo halafu inatulia siku nzima. Mwenye haraka atamkuta bingwa asiye wa kweli. Metali laini humaliza hadithi yake kwa dakika, lakini aloi ngumu za kobalti humfanya mpimaji arudi kwenye mizani siku baada ya siku, na vituo vya kupimia havipaswi kurukwa hata kama anajua atakachokikuta.

Na atakachokikuta mara nyingi kinamcheka. Kila anayeanza hudhani ugumu ndio jibu: chukua chuma kigumu kuliko vyote, viputo vitashindwa. Ugumu unasaidia kweli, lakini Stellite 6, aloi ya kobalti na kromi ya ukoo ulioanzishwa na Elwood Haynes huko Indiana mwanzoni mwa karne iliyopita, huvishinda vyuma vyenye ugumu zaidi yake. Siri iko ndani ya fuwele. Kobalti ikipigwa hubadili mpangilio wa atomu zake, kutoka umbo la mchemraba kwenda umbo la pembe sita, na mabadiliko hayo hula nishati ya pigo ambayo ingetumika kufungua ufa. Vyuma visivyoshika kutu vya kawaida hufanya jambo la jamaa hiyo: tabaka la juu hugeuka kuwa muundo mgumu zaidi, na vipimo vya sumaku huonyesha kwamba chuma ambacho hakikuwa na sumaku kimeanza kuwa nayo. Metali inajifunza kupigwa ikiwa bado inapigwa. Kwa upande wa pili kuna chuma cha kusubu, ambacho ndani yake kimejaa vibamba vya grafiti. Kwa viputo, kila kibamba ni ufa uliokwisha kutengenezwa.

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, katika ukanda wa Kolwezi na Likasi ambako migodini na sokoni watu wanazungumza Kiswahili. Vita vya Kolwezi vya mwaka 1978 viliipandisha bei yake kila mahali. Ndipo faida ya kuitumia kidogo inapoonekana: katika maabara za shirika la umeme la Hydro-Québec, Kanada, Raynald Simoneau na wenzake walitengeneza aloi iliyoitwa IRECA, chuma kisichoshika kutu chenye kobalti kidogo tu, lakini kilichotunza ile tabia ya kujibadili chini ya mapigo, kwa ajili ya kulehemea mabawa ya turbini yaliyochimbika. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila mtu wa mizani. Aloi inatoka tanurini ikiwa na matumaini tu.

Mwishoni mwa karne iliyopita, taasisi ya mitambo ya vimiminika ya Chuo cha Sayansi cha Poland mjini Gdańsk iliratibu jaribio la kimataifa, Janusz Steller akiwa msimamizi wake. Metali tano zile zile, kuanzia aloi ya alumini, na shaba njano ya M63, hadi chuma kisichoshika kutu, zilipelekwa maabara mbalimbali: za kutetemesha, za mitaro ya maji, za sahani zinazozunguka, za maji yanayorushwa kwa kasi. Matokeo yalitofautiana kutoka mtambo hadi mtambo, hata kati ya mitambo ya aina moja. Wapo watakaoona hapo aibu. Mimi naona taaluma iliyothubutu kuitisha ushahidi dhidi yake yenyewe na kuuchapisha.

Maana jaribio hili lina mipaka, na wanaolifanya vizuri ndio wa kwanza kuisema. Halielezi turbini itadumu miaka mingapi. Robert Knapp wa Caltech, aliyehesabu vibonyeo kwenye alumini laini ndani ya maji yatiririkayo, aliona mwaka 1955 kwamba uharibifu unakwenda kwa kipeo cha sita cha mwendo: ongeza mwendo mara mbili, uharibifu unaongezeka mara 64. Hakuna chombo cha maji mezani kitakachokuambia mwendo halisi ndani ya mtambo wa Kidatu kwenye Ruaha Mkuu, wala ndani ya turbini tisa za Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, kila moja ya megawati 235. Maji yaliyotoneshwa hayana mchanga wa mto, na hayana chumvi ya bahari, ambayo huishambulia bronzi ya rafadha kwa kemia huku viputo vikiishambulia kwa ngumi. Jaribio linapanga metali kwa foleni. Foleni hiyo ikitoka kwa mikono safi, mhandisi ana mahali pa kuanzia.

Kuna mahali pamoja ambapo jaribio linafanana sana na maisha, napo ni ndani ya injini ya lori. Pistoni inapogonga ukuta wa lineri, lineri inatetema, na maji ya kupoozea yaliyo nje yake yanafanya yale yale yanayofanyika chini ya pembe ya titani. Mafundi wa malori kutoka Mombasa hadi Kampala wanayajua yale matundu ya sindano yaliyojipanga upande mmoja wa lineri, na maji yanayokutwa ndani ya oili. Wengi hulaumu kutu, kama walivyolaumu mabaharia wa enzi za Parsons. Kuongeza maji ya bomba badala ya kulenti yenye dawa ni kukiondolea chuma ule utando mwembamba unaokikinga.

Kwa hiyo ikitokea unanunua: lineri, impela ya pampu, waya wa kulehemea mabawa, rangi ya kupaka inayodaiwa kuzuia viputo, na muuzaji akakuletea karatasi yenye namba moja nzuri, mwombe vitu viwili. Mchoro mzima tangu sifuri ya kwanza, na mchoro wa nikeli uliopimwa kwa mtambo ule ule. Asipokuwa navyo, tafuta muuzaji mwingine.